Sange na Ngoma za Majani ya Mgomba

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wangali wanavaa shuka na kofia, wanapika uji na kulipa kodi, palikuwa na nchi ya vilima. Sogeeni karibu. Na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzio, maana hadithi hii ina mbio, haimsubiri mtu.

Juu ya kila kilima palikuwa na ngoma kubwa na mpigaji wake. Ukitaka kupeleka habari, unamwambia mpigaji wa kilima cha kwenu. Ti-ti-ti, du! Kilima cha pili kinapokea. Ti-ti-ti, du! Cha tatu kinapokea. Kabla ugali haujaiva, habari imeshafika mwisho wa nchi. Mgonjwa anaitiwa mganga, posa inajibiwa, na moto ukiwaka porini watu wanahama mapema. Wenyewe waliuita Mtandao wa Ngoma. Kila nyumba ilitoa kikapu cha nafaka wakati wa mavuno ili ngozi zibadilishwe zikichakaa.

Mkubwa wa mtandao alikuwa Waziri Nyati, mwenye pembe pana na kauli nzito. Ngozi zilipochakaa, kazi ya kuwamba ngoma mpya akapewa Bwana Fisi, aliyekuwa shemeji yake.

"Jamani!" watu wakashangaa. "Fisi akabidhiwe ngozi?"

"Zabuni ilitangazwa," akasema Nyati. "Aliyeshinda ameshinda."

"Ilitangazwa wapi, Mheshimiwa?"

"Kwenye ngoma."

"Hatukusikia."

"Basi hamkuwa makini."

Ngoma mpya zikapandishwa vilimani. Lo, zilipendeza! Nyekundu na nyeusi, zikawaka juani. Zikazungushiwa uzio wa miiba na kuwekewa ubao: MALI YA SERIKALI, USIGUSE. Wapigaji wa zamani wakaambiwa warudi mashambani kwao, kazi ina wenyewe sasa.

Tangu siku hiyo, kimya.

Sasa, katika nchi hiyo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Kadogo, pua ndefu kama mrija, vijiguu kama njiti, na moyo unaodunda mbio hata akiwa amelala. Hakujua kutulia. Akila, jicho liko mlangoni. Akikaa, mkia unacheza. Asubuhi alifagia njia zake zote, jani kwa jani, na jua likipanda alizifagia tena.

"Sange, hebu keti kidogo," majirani walimwambia.

"Nitaketi," alijibu, na ameshapita, sss!

Ngoma ziliponyamaza, ndipo aliposhindwa kabisa kutulia. Mama yake alikuwa akiishi mbali, kwenye Bonde la Mikwaju. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu. Zamani ngoma ilimletea Sange salamu za mama: sijambo, nimekula, usihangaike. Sasa Sange alisimama mlangoni na masikio wima, hakusikia chochote ila upepo.

Akaenda kwa Mkaguzi wa Ngoma. Huyu alikuwa Kiboko, na ofisi yake ilikuwa kidimbwi chini ya ikulu. Akamkuta amezama, pua tu ndiyo iko nje.

"Hodi, Mheshimiwa Mkaguzi! Ngoma hazilii."

Bwaaaf! Kiboko akapuliza maji. "Zinalia."

"Sisi hatusikii."

"Hilo ni tatizo la masikio yenu. Mimi nimekagua, ziko sawa."

"Umekagua lini? Umepanda kilimani kweli?"

"Nimekagua kutoka hapa hapa," akasema Kiboko. "Njoo baada ya mavuno." Na akazama, gububu!

Sange akapanda mpaka lango la ikulu ili amwambie mfalme mwenyewe, mzee Tembo. Walinzi, Nyumbu wawili, wakamziba njia.

"Una kibali?"

"Kibali napata wapi?"

"Maombi ya kumwona mfalme yanaletwa kwa ngoma."

"Lakini shida yangu ndiyo hiyo ngoma!"

"Basi ilete kwa ngoma," wakasema Nyumbu, wala hawakuwa wanatania.

Sange akarudi nyumbani. Akafagia. Akafagia tena pale pale alipokwisha kufagia.

Ikapita mvua, likaja jua kali, majani yakakauka porini. Siku moja asubuhi Sange aliona moshi upande wa Bonde la Mikwaju. Ulikuwa moshi mwembamba, wa moto uliokwisha kula na kushiba. Akatoka mbio. Njiani akakutana na rafiki yake Kanga. Kanga yule mnadhifu, mwenye madoa meupe, siku hiyo alikuwa kijivu kitupu kwa majivu. Mgongoni alikuwa amembeba mama yake Sange, mkia umeungua, anakohoa.

"Mama! Mama yangu!"

"Nipo, mwanangu," akasema mama. "Moto ulianzia ng'ambo ya vilima, mbali. Tulikuwa tunapepeta nafaka. Hatukuambiwa kitu. Hatukuambiwa, Sange."

Sange akamshusha mama, akamfuta macho. Kisha akamtazama Kanga. "Shoga yangu, na watoto je?"

"Mama yako alikuwa karibu na njia," akasema Kanga. "Nikamtoa yeye kwanza. Niliporudi nyumbani..." Akaangalia pembeni. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Mbona ngoma haikulia, Sange? Tulitoa nafaka. Mimi mwenyewe nilitoa kikapu kilichojaa."

Sange akamlaza mama kwenye mkeka, akamwachia Kanga maji, akatoka kwenda kulitafuta jibu.

Alipanda Kilima Kipara mchana, jua likiwa utosini. Akajipenyeza chini ya uzio wa miiba, akasogea mpaka kwenye ngoma. Akatega sikio. Ajabu! Ngoma ilikuwa inatoa sauti.

Khooo... pyuuu. Khooo... pyuuu.

"Inalia?" Sange akashangaa. Akazunguka nyuma, akakuta tundu, akachungulia. Ndani ya ngoma palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka alilala Bwana Fisi, tumbo juu, anakoroma. Kando yake palikuwa na kipande cha ngozi ya kuwambia kilichotafunwa, na manyoya ya mbuzi yamemganda kidevuni.

Sange akanyoosha mkono, akapiga uso wa ngoma polepole.

Pwata.

Akapiga tena. Pwata. Hiyo haikuwa ngozi. Yalikuwa majani ya mgomba yaliyoshonwa kwa kamba na kupakwa ngeu nyekundu na masizi meusi!

Wanangu, hasira ilimpanda Sange mpaka masharubu yakasimama. Alitaka kumrukia Fisi amng'ate pua. Lakini akajiambia, nikimng'ata pua, kesho pua itapona. Na nikipiga kelele, nani ataniamini mimi? Kiboko atasema masikio yangu yana uchafu.

Akashuka mbio, na huku anakimbia anawaza, maana Sange hawezi kuwaza amesimama. Hawa wakubwa wanaogopa nini? Hawamwogopi mfalme, wamemfungia. Hawawaogopi watu, wamewanyamazisha. Wanaogopa jambo moja tu: kusema mbele za watu kwamba hawakusikia ngoma. Akasimama ghafla, kri! "Basi watasikia," akasema.

Siku ya soko, Fisi alikuwa ameketi kwenye baraza ya muuza togwa, watu wamejaa. Sange akaingia anahema, hii-hii-hii, kitambaa cheusi kichwani.

"Bwana Fisi! Pole sana! Pole kwa msiba!"

"Msiba gani?" akauliza Fisi, kata ya togwa mkononi.

"Ah, unanijaribu. Wewe mwenye ngoma ndiye usijue? Ngoma ya ikulu imelia leo asubuhi. Upepo ulikuwa unavuma huku."

Sasa ngoma ya ikulu ilikuwa bado ile ya zamani, ya ngozi halisi, na Fisi alijua hivyo. Akakodoa macho.

Mbuni mmoja akainua shingo. "Imelia? Mimi sikusikia."

"Wewe ni muuza mayai," Sange akamwambia. "Kupokea ngoma si kazi yako, ni kazi ya Bwana Fisi. Au na yeye hakusikia?"

Soko zima likamgeukia Fisi. Togwa ikamkwama kooni. Nikisema sikusikia, akawaza, watauliza nilikuwa wapi. Wataenda kutazama ngoma.

"Nimesikia!" akapayuka. "Mimi ndiye niliyesikia wa kwanza! Nikaipokea, nikaipeleka mbele!"

"Basi waambie ilivyosema."

"Imesema... imesema mambo mazito."

"Kwamba mfalme..."

"Kwamba mfalme..."

"Ametutoka," akasema Sange, akainamisha kichwa.

"Ametutoka! Neno kwa neno!" akasema Fisi.

Sange akamsogelea sikioni. "Na masufuria ya matanga yameshainjikwa. Nyama tupu. Wanaofika mapema ndio wanaopata vinono."

Mate yakamchuruzika Fisi, tiriri! "Uuuuwiii! Mfalme wetu!" Na akatimka kuelekea ikulu, kilio mbele, vumbi nyuma.

Sange hakungoja hata vumbi litulie. Moyo unamdunda, du-du-du-du. Alijua alichofanya. Kumzushia mfalme kifo ni kosa la kukanyagwa. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza, akaiacha iende. Akakata njia ya mkato mpaka nyumbani kwa Waziri Nyati.

Nyati alikuwa sebuleni na wageni wake wakubwa wakubwa, wanakula.

"Hongera, Mheshimiwa!" Sange akapiga goti mlangoni. "Nimekimbia nikupongeze kabla watu hawajajaa."

"Unanipongeza kwa lipi?"

"Kwa lile tulilolisikia asubuhi kwenye ngoma. Siku hizi ngoma zako zinalia vizuri, Mheshimiwa! Nasikia hata mpaka uvunguni mwa kitanda changu."

Nyati akaacha kutafuna. Tangu ngoma mpya zipande vilimani, hakuna aliyewahi kuzisifu. Wageni wakatazamana. Mmoja akauliza, "Ngoma imesema nini leo, Waziri? Sisi tulikuwa njiani."

Nyati alijua fika kwamba vilimani ni majani matupu. Lakini ngoma ya ikulu? Huenda imelia kweli. Na wageni wanasubiri jibu.

"Nilitaka niwaambie baada ya chakula," akasema kwa sauti nzito. "Lakini huyu mdogo ana haraka. Haya, sema ulivyosikia, nione kama umesikia sawa."

"Mfalme amechoka," akasema Sange. "Anakiachia kigoda. Na anayekikalia ni wewe."

Sebule ikalipuka! Wake wa Nyati wakapiga vigelegele. Nyati akasimama, kifua kikamjaa.

"Amesikia sawa kabisa," akasema. "Leteni lile joho jekundu."

Huko ikulu, mzee Tembo alikuwa ameketi uani anakunywa uji kwenye beseni lake. Masikio yake makubwa kama ungo, lakini siku nyingi hayakuwa na cha kusikia. Kila alipouliza watu wanasemaje, Nyati alimwambia, "Wametulia, Mfalme. Hawana la kusema. Kimya ni amani." Naye Tembo akaamini.

Mara akasikia kilio langoni. "Uuuuwiii! Fungueni! Mfalme amekufa!"

"Amekufa?" wakauliza Nyumbu. "Mbona sisi..."

"Hamkusikia ngoma?"

Nyumbu wakaogopa. "Tumesikia, tumesikia!" Wakafungua lango. Chini ya miguu yao akapita Sange, aliyetoka mbio kwa Nyati, kama upepo, akajibanza nyuma ya beseni la uji.

Fisi akajitupa chini, macho amefumba, anagaragara. "Baba wa nchi! Umetuacha na nani! Masufuria yako wapi... nasema, wafiwa wako wapi!"

"Bwana Fisi," sauti ikasema juu yake. "Nani amekufa?"

"Mfalme, jamani! Mzee Tembo!"

"Oho. Alikuwa anaumwa?"

Fisi akafumbua jicho moja. Akaona mguu. Akaufuata mguu kwa macho, juu, juu zaidi, mpaka akakuta mkonga unafyonza uji, fyuuu.

Kabla hajapata la kusema, langoni kukavuma vigelegele. Liliii-lili-lili! Nyati akaingia na joho jekundu, wake zake nyuma wanacheza, wageni wanapiga makofi.

"Mfalme wangu," akasema Nyati, akainama kidogo tu. "Nimeipokea habari. Umefanya kazi yako, sasa pumzika. Niko tayari kukikalia kigoda."

Tembo akamtazama Nyati. Akamtazama Fisi. "Mmoja amenizika," akasema taratibu, "mwingine amenirithi, na uji wangu bado wa moto. Nani kawaambia maneno haya?"

"Ngoma!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Ngoma ipi?"

"Ya ikulu, Mfalme. Imelia asubuhi. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe," akasema Nyati.

"Na mimi nimeipokea kwa mikono yangu mwenyewe," akasema Fisi, maana alishaanza kusema uongo na hakujua pa kushukia.

Tembo akageuka polepole. Nyuma yake ilikuwepo ngoma ya ikulu, imefunikwa jamvi, na juu ya jamvi buibui ametanda utando. "Ngoma hii haijafunuliwa tangu masika," akasema. "Mwiteni Mkaguzi."

Kiboko akatolewa kidimbwini, maji yanamtiririka.

"Mkaguzi, kazi yako ni kusikiliza ngoma. Leo asubuhi ngoma imetangaza kifo changu, au imetangaza mrithi wangu?"

Kiboko akamtazama Nyati, aliyekuwa akimletea nafaka kidimbwini. Akamtazama Fisi. Akamtazama mfalme. Jasho likachanganyika na maji.

"Nimezisikia zote mbili, Mfalme," akasema. "Na zote zilikuwa na sauti safi."

Hata wale wake wa Nyati walishusha mikono.

Ndipo Sange akatoka nyuma ya beseni. Alikuwa anatetemeka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Hakuna ngoma iliyolia, Mfalme. Mimi ndiye niliyezua habari zote mbili."

"Mkanyage!" Nyati akanguruma. "Amekuzushia kifo!"

Tembo akainua mguu. Kivuli chake kikamfunika Sange mzima.

"Mguu ni wako," akasema Sange. "Lakini kabla hujaushusha, niulize Bonde la Mikwaju limeungua lini."

"Limeungua?" Mguu ukabaki hewani. "Bonde la Mikwaju limeungua?"

"Majivu yameshapoa. Watoto wa Kanga wamo mle. Sisi tulipiga kelele, kelele haikupanda kilimani. Nenda Kilima Kipara, Mfalme, ukaiguse ngoma kwa mkonga wako. Ukikuta ngozi, rudi unikanyage. Mimi sitakimbia." Na kwa Sange, wanangu, kuahidi kutokimbia ni jambo kubwa.

Tembo akashusha mguu pembeni yake, polepole, akatoka. Watu wote wakamfuata. Wa sokoni nao wakajiunga, na kilima kikajaa. Tembo akapita kwenye uzio kama anapita kwenye nyasi, akauweka mkonga juu ya ngoma.

Pwata. Chaaa! Majani yakachanika. Mkonga ukaingia ndani, ukatoka na mkeka wa Fisi na kile kipande kilichotafunwa.

Hakuna aliyecheka. Kanga alikuwa amesimama mbele, bado hajajikung'uta majivu. Tembo alimtazama muda mrefu, na masikio yake makubwa yakalala shingoni.

"Waliniambia mmetulia," akasema.

"Tulikuwa tunakuita," akasema Kanga.

Siku ile ile Nyati alivuliwa joho na uwaziri, yeye na Kiboko wakapelekwa kulijenga upya Bonde la Mikwaju, kuni na matope juu ya migongo yao. Fisi akaambiwa: umekula sauti ya nchi, basi mpaka ngozi mpya zipatikane, sauti utakuwa wewe. Akawa anakimbia kilima hadi kilima, anapokea habari na kuzipaza kwa koo lake. "Uuuu-wiii! Uuuu-wiii!" Mpaka leo koo halijapona.

Tembo akamwita Sange. "Kalia kiti cha Nyati."

"Mimi sijui kukaa, Mfalme," akasema Sange, mkia unacheza. "Warudishe wapigaji wa zamani. Mimi nataka kitu kimoja: uzio uondolewe na ubao ung'olewe. Kila aliyetoa kikapu chake cha nafaka awe na ruhusa ya kwenda kuigusa ngoma wakati wowote apendao."

Ikawa hivyo. Na kweli, wanangu, ilikuwa ghasia! Asubuhi mama mmoja anapanda na kuni kichwani, anapiga, ti! Mchana watoto wanapanda, ti-ti-ti! Mzee anayetoka shambani, ti! Nchi nzima haikupata usingizi wa mchana tena. Watu walinung'unika, wakaziba masikio, na kesho yake wao wenyewe wakapanda kupiga. Na katika purukushani hiyo yote, hakuna aliyethubutu kutafuna ngozi.

Basi hadithi yangu imeshuka kilimani, na nawaambieni hili tu: mkubwa akidai amesikia kila kitu, muulizeni mbele za watu amesikia nini.